Sigara Tatu Zilizobaki

Jeraha likifunga mdomo, macho ya watu hutulia. Huona ngozi imekutana na ngozi, wakasema mgonjwa amepona, wakamrudishia jembe lake na kumwelekeza shambani. Wanasahau kwamba kovu ni mlango uliofungwa, na mlango uliofungwa hautangazi kilichomo nyumbani. Wahenga waliliona hilo mapema wakatuonya: mwenye kovu usidhani kapoa. Asiyeamini onyo hilo na asikilize yaliyompata Bertrand Lokwa, mpima ardhi wa serikali mjini Beni, mashariki mwa Kongo.

Bertrand hakuwa mzaliwa wa Beni. Alitoka Kisangani akiwa kijana, akatumwa na serikali kufanya kazi katika ofisi ya ardhi, akafika na sanduku moja la nguo na Biblia ya mama yake. Mjini hapo alimwoa Josée, binti wa wakulima wa Musienene, fundi cherehani na mwimbaji wa kwaya. Mungu akawajalia mtoto mmoja wa kike, Shekinah. Bertrand alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, ambaye kamba yake ya kupimia haikuwahi kupindishwa na zawadi ya mtu. Watu walimheshimu. Kasoro yake ilikuwa moja na kila mtu aliijua: alivuta sigara tangu kunapokucha hadi kunapokuchwa, akatoa moshi kama tanuri la matofali.

Hakuanza ujanani. Mwaka Ebola ilipozuka Mangina, mji mdogo jirani na Beni, alitumwa huko kupima kiwanja kipya cha kuzikia. Kutwa nzima alitembea na kamba na vigingi vyake, akigawa ardhi kwa ajili ya watu ambao baadhi yao walikuwa bado wanapumua ndani ya mahema ng'ambo ya barabara. Harufu ya klorini ilimwingia puani, ikamshika kooni, ikakataa kutoka. Jioni mmoja wa wazikaji alimwona amejiinamia kando ya gari, akamnyooshea sigara. "Vuta, chef," akamwambia, yaani mkubwa. "Harufu itaenda." Bertrand akavuta. Harufu ikaenda, au alidhani imeenda. Aliporudi nyumbani Josée alimwuliza huko Mangina kulikuwaje. Akajibu kwamba kazi imeisha, akaenda kuoga. Tangu hapo neno la Mangina halikutajwa tena chini ya paa lile, lakini sigara ikabaki.

Miaka ikapita, na kila mwaka ulikuja na hofu zake. Leo ilisikika risasi upande huu wa mji, kesho habari mbaya kutoka upande ule. Sigara moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya kumi, hata Bertrand akawa anamaliza pakiti nzima kwa siku. Kanisani alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango ili aweze kutoka katikati ya mahubiri. Usingizini alikohoa mpaka Josée akawa anaamka na kumwekea mto wa pili chini ya kichwa, huku akiomba kimyakimya. Alijaribu kuacha mara nyingi, na kila mara alirudi, kama maji yanavyorudi kwenye mfereji wake wa zamani.

Siku moja alifika Ariel, mdogo wake Josée, aliyekuwa akisomea afya ya jamii huko Butembo. Alibeba mkoba uliojaa pakiti nyeupe zisizo na jina la kampuni. Walimu wake walikuwa wamepata sigara kutoka ng'ambo, sigara zilizoondolewa karibu nikotini yote, nao walitaka kuchunguza jinsi zitakavyobadili mazoea ya watu wanaovuta kila siku.

"Beau-frère, nikuambie wazi, hii haiko dawa," Ariel alimwambia shemeji yake kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani, akizipanga pakiti mezani. "Moshi ni ileile, na moshi njo inaharibisha mapafu. Mais nikotini, ile kamba yenye kufunga mutu, bameiondosha karibu yote. Tunataka kuona: mutu wa kuvuta kila siku, kamba yake ikilegea, atafanya nini?"

"Atavuta mbili pahali pa moya," Bertrand akajibu. "Mutu akipewa pombe ya maji, anakunywa chupa mbili."

"Batu bengi banawaza vile. Ikipunguzwa kidogo, ni kweli, batu banavuta kwa nguvu ili bajaze pengo. Mais hii imepunguzwa sana, hata ukivuta kwa nguvu hautapata kitu. Tuone itakuwa namna gani."

"Na nikikuwa mukali humu nyumbani?"

Josée, aliyekuwa akishona kwenye cherehani yake, hakuinua hata uso. "Mukali unakuwa kila pakiti ikiisha, Papa Shekinah. Jaribu tu." Bertrand akacheka, akamwahidi Ariel kwamba hatagusa sigara nyingine.

Siku za kwanza zilikuwa chungu kama shubiri. Bertrand alivuta zile sigara nyeupe kwa pupa, akaushikilia moshi kifuani mpaka macho yakamtoka, lakini alikuwa kama mtu anayenyonya mfupa usio na uboho. Alimfokea karani wa ofisini kwa kuchelewesha ramani. Alimfokea Shekinah kwa kuacha mlango wazi, kisha akaona aibu akamwomba radhi. Mara mbili alisimama mbele ya duka la sigara za kawaida, na mara mbili akakumbuka ahadi aliyompa shemeji yake, akaondoka.

Halafu mambo yakaanza kubadilika polepole, bila kelele. Siku moja alimaliza chai yake ya asubuhi, akaondoka kwenda kazini, na alipofika njiani ndipo alipogundua kwamba hakuvuta ile ya baada ya chai. Wiki iliyofuata aliisahau ya baada ya chakula cha mchana. Baadaye ikafa ile ya kusindikiza mazungumzo, na ile ya kungojea mvua ikatike. Hakuzikata kwa panga. Zilidondoka zenyewe kama majani makavu, kwa kuwa mwili ulikuwa haupati tena kilichokuwa kikiuvuta. Ariel alikuja kila wiki kutoka Butembo, akamwuliza anavuta ngapi, na kila alipopata jibu uso wake uling'aa kama wa mkulima aliyeona maharagwe yake yametoa maua.

"Kutoka pakiti nzima mpaka tatu!" alipiga kelele siku moja, akimgeukia dada yake. "Tatu tu kwa siku! Yaya, unasikia?"

Josée alisikia, na machozi ya furaha yakamlengalenga.

Ariel aliuliza ngapi. Hakuuliza zipi. Lau angeuliza, angejua kwamba zile sigara tatu zilizobaki zilikuwa tofauti na nyingine zote. Ya kwanza Bertrand aliivuta alfajiri kabla ya kufungua simu, kwa kuogopa habari zilizoingia usiku. Ya pili aliivuta jua likitua, saa ambayo mji hunyamaza na kila mlango unaobamizwa hufanana na bunduki. Ya tatu haikuwa na saa maalumu. Aliivuta mke au mtoto wake alipochelewa kurudi. Sigara za starehe na za mazoea zilikuwa zimemwacha. Zilizobaki zilikuwa za hofu.

Kisha ikapita miezi kadhaa ya utulivu. Barabara ilipitika, masoko yakajaa, watu wa Kalunguta, kijiji kilicho kwenye barabara ya Butembo, wakarudi kulima mashamba waliyokuwa wameyakimbia. Katika utulivu huo hata zile tatu zikanyamaza. Bertrand akaiweka pakiti ya mwisho ndani ya droo ya kabati, nusu yake ikiwa haijaguswa, na kikohozi kikapungua. Josée hakuweza kujizuia. Alimweleza Pasta Josaphat, naye pasta akatangaza kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi familia ya Lokwa itatoa shukrani mbele ya kanisa lote. Ariel alimkumbatia shemeji yake, akampongeza, kisha akaacha kuja. Wako wengine waliomhitaji, alisema. Beau-frère amekwisha kupona.

Neno hilo la kupona lilimkaa Bertrand vibaya, kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu wa mtu mwingine. Mara mbili tatu alitaka kusema kwamba bado kuna kitu. Lakini angesema nini, na kwa nani? Furaha ya watu ilikuwa kubwa kuliko maneno yake. Akanyamaza.

Siku mbili kabla ya Jumapili hiyo, Josée alijiandaa kwenda Butembo kununua kitenge cha sare ya shukrani, apitie na Musienene kumsalimu mama yake. Shekinah alimshika gauni akaomba aende naye kumwona nyanya yake, akakubaliwa. Zamani nyumba ile ilikuwa na sheria ya barabara: anayesafiri alipiga simu akitoka Butembo, akapiga tena akipita Kalunguta, akapiga na mara ya tatu akiuona mji wa Beni.

"Utanipigia mu Kalunguta?" Bertrand aliuliza, akiwa ameshika mlango wa gari dogo la abiria.

Josée alicheka kwa upole. "Hauko tena mutu wa wasiwasi, Papa Shekinah. Njo maana tunaenda kutafuta kitenge. Kesho tutafika mbele ya saa tisa. Bakia na Mungu."

Gari likaondoka. Bertrand alibaki barabarani mpaka vumbi likatua.

Kesho yake, Jumamosi, alikuwa sebuleni akipiga pasi ya makaa shati jeupe la Jumapili. Mchana ulikuwa mtulivu, jua likiwaka. Mara akasikia sauti za majirani nje, sauti za watu wanaoulizana bila kujibiana. Akatoka na kuuliza kuna nini.

"Banapiga risasi mu barabara ya Butembo," jirani alisema. "Karibu na Kalunguta. Banasema magari imesimamishwa. Bengine banasema imechomwa."

Bertrand hakusubiri kusikia mengine. Alirudi ndani akampigia Josée. Sauti ya mashine ikamwambia kwa Kifaransa kwamba nambari haipatikani. Akapiga tena na tena, na kila mara ile sauti tulivu ilimjibu kama mtu asiye na ndugu duniani. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe asijue mwewe mwenyewe yuko wapi.

Akaivuta droo ya kabati.

Ile pakiti nyeupe ilikuwa palepale. Akawasha moja akaimaliza bila kuisikia. Akawasha ya pili, halafu nyingine kwa moto wa ile ya pili. Moshi ukajaa sebule, lakini ndani yake hakuna kilichotulia. Zilikuwa kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu. Harufu ya nguo inayoungua ndiyo iliyomshtua. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati, na mgongo wa lile shati la shukrani ulikuwa na tundu jeusi lenye umbo la pasi. Bertrand akalitazama bila kuelewa anatazama nini. Akaiweka pasi chini sakafuni, akatoka mbio.

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini kuelekea Butembo, mahali ambapo wote wanapaita barrière, umati ulikuwa umekusanyika. Wake kwa waume walishika simu zisizolia. Kando yao Mama Syauswa, mshona mikeka wa zamani aliyekuwa sasa akiuza ndizi na biskuti na sigara za mojamoja, alikuwa amekaa nyuma ya sinia lake. Alisali kanisa moja na akina Bertrand.

"Mama, nipe sigara," Bertrand alisema.

Mama Syauswa alimtazama. "Papa wa bureau ya ardhi? Mais ni kesho njo unatoa shukrani! Hapana, mimi siwezi kukuuzisha."

"Mama, bibi yangu iko mule mu barabara. Na mutoto. Nipe."

Mama Syauswa hakubishana tena. Aliinamisha kichwa, akachukua sigara, akaiwasha yeye mwenyewe, akamwekea mkononi. Ilikuwa sigara ya kweli, kali. Moshi ulipomfika kifuani dunia ikazunguka. Mwili ulikuwa umeisahau sumu ile. Jasho baridi likamtoka, akayumba mpaka mtaroni akatapika. Alipojifuta mdomo aliomba ya pili, na akaivuta yote.

Kisha akamwendea mwendesha pikipiki mmoja akamwomba ampeleke mbele. Yule akatikisa kichwa. Akamwomba mwingine, naye akatikisa kichwa. Basi Bertrand akapiga moyo konde, akainama, akapita chini ya mti uliofunga barabara, akaanza kutembea peke yake kuelekea kulikosikika risasi.

"Papa, zonga!" askari alimpigia kelele kwa Kilingala, akiishika bunduki kwa mikono miwili. "Nzela ekangami! Barabara imefungwa, rudi!"

Bertrand hakugeuka. Askari akamwendea kwa hasira na huenda lingetokea jambo baya, lakini Mama Syauswa alikuwa ameacha sinia lake. Alipita chini ya ule mti, mtu mzima yule, akamshika Bertrand shati kwa nyuma.

"Ukikufa mule," alimwambia kwa sauti ya chini, "bale bakirudi hapa, batakutana na nani?"

Maneno hayo yalimwingia. Akakubali kurudishwa kama mtoto.

Muda mfupi baadaye pikapu ya jeshi ilitokea barabarani. Nyuma ilikuwa imebeba kitu kimefunikwa turubai. Umati ukaisogelea kwa kimya cha kutisha. Bertrand akaitazama turubai, na macho yake, bila kuagizwa na mtu, yakaanza kupima: urefu huu, upana huu, pengo hili kati ya huyu na huyu. Yalipima kama yalivyopima Mangina. Upepo ukainua pembe ya turubai, ukaonyesha mguu wa mtu mzima ndani ya buti la mvua. Hakuwa Josée. Hakuwa Shekinah. Bertrand alishukuru, na papo hapo akaionea haya shukrani yake, kwa sababu nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa amelitambua buti lile na kuanza kulia.

Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi magari yalipoanza kuingia, yakiongozwa na askari. La tatu lilikuwa lile gari dogo la abiria. Shekinah aliruka kabla halijasimama vizuri, akamkimbilia baba yake, akamkumbatia kiunoni. Halafu akarudi nyuma hatua moja.

"Papa," alisema, "unanuka."

Josée alishuka akiwa amekumbatia kifurushi cha kitenge. Alimwona mumewe, akaona macho yake mekundu, akaviona na vipande vya sigara vilivyotapakaa miguuni pake. Alimwinamia Mama Syauswa, ambaye alimnong'oneza jambo, naye Josée akamjibu kwa Kinande, "Wasingya, mama," yaani asante. Kisha akamshika mume mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, wakaenda nyumbani.

Walikuwa wamezuiwa kutwa nzima katika uwanja wa shule, kabla ya kufika Kalunguta, wamelala kifudifudi na abiria wengine huku risasi zikilia ng'ambo ya kilima. Mtandao ulikuwa umekatika. Josée alieleza hayo kwa ufupi akimmenyea Shekinah viazi vya Musienene. Mtoto alipokwenda kulala, aliliona shati lenye tundu, akaliokota, akalikunja. Ndipo akakaa mbele ya mumewe.

"Nilikuwa nawaza umepona," alisema.

"Na mimi nilitaka kuwaza vile."

"Basi uniambie. Unaumwa wapi?"

Bertrand alilitazama lile shati lililokunjwa.

"Mangina," hatimaye alisema. "Balinipa kipimo. Metre mbili kwa moya, kila mutu. Nikapima asubuhi yote. Kisha chef wa bazikaji akakuja, akaniambia: hizi za huku ufanye fupi. Sikuelewa. Nikamwuliza fupi kiasi gani. Akaonyesha na mikono, hivi." Bertrand alitenganisha viganja vyake hewani. "Shekinah alikuwa na umri ule, Josée. Nilimwacha hapa, analala. Nikachukua kamba, nikapima urefu wa mutoto wangu, sababu njo ule tu nilikuwa najua. Nikaweka vigingi. Nyingi."

Josée aliweka mkono mdomoni. "Miaka yote hii! Kwa nini haukuniambia?"

"Ningekupa na wewe ile harufu."

Alilia wakati huo, mtu mzima yule, kwa kwikwi, na mkewe akamshika kichwa mpaka akanyamaza. Josée naye alijiuliza ni mara ngapi alishangilia hesabu inayoshuka bila kuuliza hofu imekwenda kujificha wapi.

Asubuhi na mapema, kabla kengele haijalia, alikwenda kumwona Pasta Josaphat.

"Pasta, leo hapana. Shukrani ya sigara, tuiache."

Pasta alishtuka. "Mais mama, kwaya imejitayarisha! Batu bote bamekwisha kujua."

"Bajue na hii pia: jana alivuta. Tutashukuru juu ya barabara, sababu Mungu ameturudisha. Ile ingine bado."

Pasta alitaka kusema kitu, akafikiri, akakubali. Siku hiyo familia ya Lokwa ilishukuru kwa uhai, Bertrand akiwa katika shati lake la kazini, kisha ikarudi kukaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Watu wengine walinong'ona. Josée aliwaacha wanong'one.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Sigara za kweli zilirudi nyumbani kwa Bertrand kama mgeni anayejua mahali pa ufunguo. Ariel aliposikia alikuja mbio kutoka Butembo, uso umemkunjamana.

"Beau-frère, kumefanyika nini? Ulikuwa umefika sifuri!"

"Zile sigara zako zilifanya kazi yao," Bertrand alimjibu bila hasira. "Ziliondosha zile za mazoea, kweli kabisa, hata leo sizitamani. Mais zile tatu za mwisho hazikuwa za nikotini, Ariel. Zilikuwa za woga. Na hakuna mutu aliuliza."

Kijana aliinama. "Sikuuliza," alikiri. "Mwalimu alituambia tuhesabu, nikahesabu."

Hakukata tamaa, wala hakumkatia shemeji yake tamaa. Alileta tena zile pakiti nyeupe, na safari hii alikaa na kusikiliza. Alimtafutia pia muuguzi mmoja anayewasaidia watu walioumizwa rohoni, ambaye kila juma aliwakutanisha wale waliofanya kazi nyakati za Ebola: wazikaji, madereva, wasafishaji. Bertrand alikwenda mara ya kwanza akiwa na mashaka, akakaa bila kusema kitu. Mara ya tatu alieleza habari za kamba na vigingi, na mzikaji mmoja aliyekaa kando yake akasema kwamba naye hulala na taa imewashwa. Josée kwa upande wake aliirudisha sheria ya barabara. Simu ikilia kutoka Kalunguta, Bertrand alisikia sauti ya mkewe ikisema, "Tuko hapa, tunaendelea," na kifua chake kililegea kidogo.

Sigara zikashuka tena, safari hii kwa mwendo wa kinyonga, zikisimama, zikirudi nyuma, zikishuka. Hata zile tatu zikaisha moja baada ya nyingine, ya alfajiri ikiwa ya mwisho.

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno ya maharagwe, Pasta Josaphat alikutana nao sokoni wakinunua chakula. Alimsifu Bertrand kwa jinsi alivyonawiri, akamwuliza ni muda gani hajagusa sigara. Bertrand akamwambia ni muda mrefu sasa. Pasta akafurahi, akafungua mikono yake kwa upana.

"Donc sasa tunaweza kushukuru! Umepona, si ndiyo?"

Kabla Bertrand hajajibu, tairi la lori lilipasuka barabarani kwa kishindo. Soko zima liliruka, kisha likacheka. Bertrand hakucheka. Mkono wake wa kuume ulikuwa tayari umeingia mfukoni, unatafuta. Mfuko ulikuwa mtupu. Josée aliufuata mkono ule humo mfukoni, akaushika, akaubana ndani ya mkono wake mpaka ukaacha kutafuta.

"Pasta, tunashukuru kila siku," alisema taratibu. "Kovu iko. Sisi tunaichunga."

Pasta Josaphat aliitazama mikono ile miwili iliyoshikana ndani ya mfuko mmoja, akaishusha yake. Alikuwa ameelewa, kama anavyopaswa kuelewa kila amwonaye mwenzake akitembea wima baada ya kuumia: mwenye kovu usidhani kapoa.